Munganga Marfan na mutoto Gabrielle

Marfan: kwa wengi wetu hili ni jina la ugonjwa tu. Kumbe alikuwa mtu. Mara hii tunawaletea maisha yake.

Antoine Marfan alizaliwa mwaka 1858 mu mji mdogo wa Castelnaudary, kusini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa munganga vilevile, lakini hakupenda kijana afuate kazi ile. Mwishowe akakubali. Kijana akaanza masomo Toulouse, kisha akaenda Paris, na mwaka 1887 akawa daktari. Maisha yake yote aliyatoa kwa watoto: kifua kikuu, maziwa ya mama, afya ya wachanga.

Lakini jina lake lilitoka kwa mutoto mmoja. Mwaka 1896 alionyesha wanganga wenzake wa Paris binti wa miaka 5, Gabrielle. Mikono, miguu na zaidi vidole vyake vilikuwa virefu na vyembamba kupita kipimo, tangu kuzaliwa. Marfan aliandika aliyoyaona, basi. Nyuma wengine walitambua ya kama macho nayo yanaguswa, na ya kama ugonjwa unarithiwa. Mwaka 1931 munganga Weve wa Uholanzi njo aliuita kwa jina la Marfan.

Marfan alikufa mwaka 1942. Mwaka uliofuata wanganga wa Marekani wakaandika juu ya hatari kubwa kuliko zote: mushipa mukubwa unaotoka ku moyo unapanuka pole pole, unaweza kupasuka, na mtu anaanguka palepale.

Sababu? Mwili unashikwa na nyuzi, sawa kamba zinavyoshika miti ya nyumba. Mwaka 1991 watafiti walipata jeni inayoharibika, ile inayotengeneza fibrilini ya nyuzi hizo. Jicho, mifupa, mushipa, vyote vinalegea. Ugonjwa unapata karibu mtu 1 kwa 5.000. Mzazi akiwa nao, kila mutoto ana bahati nusu kwa nusu ya kuurithi. Lakini kwa wagonjwa 4, karibu 1 hakuurithi kwa mzazi yeyote.

Huku kwetu Kasomeno kijana murefu anaitwa mbio ku timu ya basiketi. Urefu peke yake si ugonjwa, tusitishane bure! Lakini yule mwembamba sana, kifua kimeingia ndani, haoni mbali, na mu jamaa yake watu wamekwisha kuanguka gafula, apimwe moyo mbele ya kukimbia. Kuna dawa za kutuliza moyo, na wapasuaji wanaweza kubadilisha kipande cha mushipa kabla hakijapasuka. Vifo vile watu wanavitia ku ulozi, na jamaa inagawanyika juu ya mushipa.

Jambo la ajabu limebaki. Wanganga waliosoma tena maandiko ya 1896 wanafikiri Gabrielle hakuwa na ugonjwa wa Marfan hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vimekunjika, havikunyooka vizuri: hiyo ni alama ya ugonjwa mwingine, ndugu ya ule, unaotoka ku fibrilini ya pili.