Sokollu: Mtumwa Ambaye Hakuiacha Asili Yake

Katika jiji la Istanbul, hasa katika mitaa ya Bayrampaşa na Pendik, wanaishi watu wengi ambao mababu zao walihamia Uturuki kutoka Bosnia na kutoka Sandžak, eneo lililo baina ya Serbia na Montenegro. Walianza kumiminika baada ya mwaka 1878, majeshi ya Austria na Hungaria yalipoikalia Bosnia. Wengine walifuata baada ya Vita vya Balkani vya 1912 na 1913, na wengine tena katika miaka ya 1950, zama za Yugoslavia. Mwaka 1934 serikali ya Uturuki ilitunga sheria ya kumtaka kila raia awe na jina la ukoo, na majina yenye viishio vya kigeni yakakataliwa. Hivyo basi, mzee aliyeingia nchini na jina la Kislavi aliwaachia wajukuu wake jina la Kituruki. Wajukuu hao leo ni Waturuki kwa uraia na kwa lugha, lakini wengi wao ukiwauliza asili yao watakwambia bila kusita kuwa ni Wabosnia.

Anayetaka kuielewa hali hiyo hana budi kurudi nyuma zaidi ya karne nne, kwa mtu aliyeitangulia njia hiyo kabla yao wote. Huyo ni Sokollu Mehmed Pasha, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Dola ya Uthmania chini ya masultani watatu. Tofauti yake na hao waliokuja nyuma ni moja, nayo ni kubwa: wao walihama, yeye alichukuliwa.

Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 16, yapata mwaka 1505, katika kijiji cha Sokolovići kilicho mashariki mwa Bosnia, si mbali na mji wa Višegrad. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Kiothodoksi. Jina la ukoo wake, Sokolović, limetokana na neno la Kislavi lenye maana ya kozi, yule ndege mwindaji. Enzi hizo Waturuki walikuwa na desturi iliyoitwa devşirme, yaani kodi iliyolipwa kwa watoto badala ya fedha. Maafisa wa Sultani walipita vijijini mwa Wakristo wakichagua wavulana wenye afya na akili, wakawapeleka mbali, wakawasilimisha na kuwafunza vita au utawala. Kijana wa Sokolovići alikuwa miongoni mwao. Alipewa jina la Mehmed, akasomeshwa katika ikulu ya Edirne na hatimaye Istanbul.

Wapo waandishi wanaoieleza devşirme kana kwamba ilikuwa nafasi ya masomo ng'ambo. Mimi siafikiani nao. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto hao walipanda hadi kilele cha dola, na kwamba zipo familia zilizotamani wana wao wachaguliwe. Lakini mtoto aliyepokonywa mamaye amepokonywa, hata akivikwa hariri. Kisheria vijana hao walikuwa watumwa wa Sultani. Waliweza kuamuru majeshi na kumiliki majumba, ila roho zao na mali zao vilikuwa mkononi mwa bwana wao.

Mehmed alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1546, alipofariki Hayreddin Barbarossa, jemadari wa bahari aliyetisha Mediterania nzima, Mehmed ndiye aliyekabidhiwa wanamaji. Baadaye alitawala jimbo la Rumelia, akapigana Hungaria, na kufikia 1555 alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa mawaziri. Mwaka 1562 aliozwa Esmahan, binti wa mwanamfalme Selim na mjukuu wa Sultani Süleyman. Mwaka 1565 akawa Waziri Mkuu.

Mwaka uliofuata ulimtia katika mtihani mkubwa kuliko yote. Süleyman, akiwa mzee na mgonjwa, aliongoza jeshi kuizingira ngome ya Szigetvár huko Hungaria. Usiku wa kuamkia kuanguka kwa ngome hiyo, mwezi wa Septemba 1566, Sultani akakata roho hemani. Laiti askari wangalijua, huenda wangaliasi, na huenda taji lingaligombewa kwa damu. Sokollu aliificha habari hiyo kwa majuma kadhaa. Amri ziliendelea kutoka kwa jina la marehemu, mikutano ikaendelea, na mjumbe wa siri akatumwa kumwita Selim. Habari zilitangazwa pale tu mrithi alipokuwa amekwisha kufika karibu na jeshi. Kuanzia hapo hadi 1574 Selim wa Pili alikuwa na kiti, naye Sokollu alikuwa na kazi.

Sasa tuje kwenye suala la asili. Wahenga wetu walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Kwa Sokollu methali hii imepinduliwa miguu juu kichwa chini: aliyekuwa mtumwa kwa sheria ndiye ambaye hakuiacha asili yake. Mwaka 1557, akiwa bado waziri wa kawaida, Kanisa la Waserbia lilirudishiwa kiti chake cha upatriaki mjini Peć, kiti kilichokuwa kimepoteza uhuru wake tangu Waturuki waiteke nchi hiyo. Patriaki wa kwanza aliyewekwa aliitwa Makarije Sokolović, jamaa wa damu wa waziri. Tafakari jambo hilo, ewe mwalimu wa historia: ukoo mmoja, wakati mmoja, ulimtoa kiongozi wa serikali ya Kiislamu na kiongozi wa kanisa la Kikristo. Bila shaka palikuwa na hesabu za kisiasa ndani yake, kwani kanisa lililotulia huwatuliza waumini. Hata hivyo, hesabu za kisiasa peke yake hazitoshi kueleza kwa nini kiti hicho kilipewa mtu wa nyumbani.

Kisha likaja daraja. Kati ya 1571 na 1577 Sokollu alimwagiza Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa dola, ajenge daraja la mawe juu ya mto Drina mjini Višegrad, katika nchi ileile alikotolewa akiwa kijana. Lina matao 11 na urefu wa karibu mita 180. Vita vyote viwili vya dunia vilibomoa baadhi ya matao yake, yakajengwa upya. Mwaka 1992, katika vita vya Bosnia, wapiganaji wa Kiserbia waliwaua raia Waislamu juu ya daraja hilo na kuwatupa mtoni. Mahakama ya kimataifa ya The Hague imekwisha kuwatia hatiani baadhi ya wahusika. Mwaka 2007 UNESCO iliorodhesha daraja hilo kuwa urithi wa dunia.

Lakini kuwapenda wa kwao kulikuwa na upande wa pili, ambao msomaji wa Kenya ataufahamu bila kuelezwa sana. Sokollu aliwapandisha jamaa zake vyeo. Mustafa, binamu yake, alitawala Buda kwa zaidi ya miaka kumi. Ferhad, jamaa mwingine, aliitawala Bosnia na kujenga msikiti maarufu wa Banja Luka, uliolipuliwa mwaka 1993 na kufunguliwa tena 2016. Walikuwa watendaji hodari, hilo halina ubishi. Ila wasiokuwa wa ukoo huo walinung'unika, na manung'uniko hayo hayakupotea hewani.

Fikira za Sokollu zilivuka mipaka ya Balkani. Mwaka 1568 amri ilipelekwa kwa gavana wa Misri achunguze uwezekano wa kuchimba mfereji wa kuiunganisha Mediterania na Bahari ya Shamu hapo Suez, ili manowari za Waturuki ziweze kupambana na Wareno katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1569 alituma jeshi na wachimbaji kujaribu kuunganisha mito ya Don na Volga dhidi ya Warusi. Miradi yote miwili ilishindwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, na ule wa Volga na Don 1952.

Hapa ndipo habari hizi zinapogusa pwani yetu. Wanafunzi husoma kuhusu Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyefika Mombasa na miji mingine ya pwani katika miaka ya 1580, akakamatwa na Wareno mwaka 1589. Alikuja na merikebu chache tu, na Wareno walipomshinda wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Haikosi kumjia mtu swali: je, mfereji wa Sokollu ungalichimbwa, Ali Bey angalikuja na merikebu ngapi? Jibu halipo, lakini swali lafaa kuulizwa darasani.

Hakuwa mpenda vita kwa kila hali. Alipinga uvamizi wa Kupro mwaka 1570, akashindwa na mahasimu wake barazani. Vita hivyo vilizaa maafa ya Lepanto tarehe 7 Oktoba 1571, ambapo karibu merikebu zote za Waturuki zilizama au kutekwa. Yeye aliyepinga vita ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kuunda upya wanamaji, naye akaunda katika msimu mmoja wa baridi. Mwaka 1573 Venice ikakubali amani na kuiacha Kupro.

Murad wa Tatu alipotwaa kiti mwaka 1574, kivuli cha Waziri Mkuu huyo mzee kilimkera. Hakumfukuza, alimpogoa kama mti, tawi baada ya tawi. Wandani wake waliondolewa vyeoni, na mwaka 1578 Mustafa wa Buda akauawa kwa amri ya Sultani. Mwezi wa Oktoba 1579, Sokollu alipokuwa nyumbani kwake akisikiliza mashtaka ya raia, mtu aliyevaa kidarweshi alimkaribia kana kwamba anatoa barua, akamchoma kisu. Baadhi ya masimulizi yanasema muuaji huyo naye alitoka Bosnia.

Alizikwa Eyüp, nje ya kuta za Istanbul ya zamani, katika kaburi lililojengwa na Sinan yuleyule wa daraja. Mwanawe, İbrahim Han, alianzisha ukoo ulioheshimiwa kwa vizazi vingi mjini humo. Ama kiti cha Waziri Mkuu, ambacho Sokollu alikikalia kwa miaka 14 mfululizo, Murad alikigawa na kukipokonya mara kama kumi kabla hajafa mwaka 1595.