Sokoine: Waziri Mkuu aliyewaweka roho juu wahujumu uchumi

MACHI 1983, miji ya Tanzania ilishuhudia jambo lisilo la kawaida. Marobota ya vitenge, mifuko ya sukari na katoni za sabuni, bidhaa ambazo wananchi walizipangia foleni tangu alfajiri na kurudi nazo mikono mitupu, zilianza kuonekana zimetupwa vichakani na kando ya barabara.

Waliozitupa walikuwa wakiukwepa msako ulioongozwa na Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyekuwa amerejea madarakani mwezi mmoja tu kabla. Alikuwa ametangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kwa mara ya kwanza wenye maghala yaliyofichika ndio waliolala roho juu.

Zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, jina la Sokoine bado hutajwa kila linapozuka suala la wizi wa mali ya umma, ukwepaji kodi au utakatishaji wa fedha. Wapo wanaomkumbuka kama mfano wa uadilifu usioyumba. Wapo pia wanaosema kuwa vita yake iliacha funzo kuhusu mipaka ya nguvu za dola.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, mkoani Arusha, katika jamii ya wafugaji wa Kimasai. Alisoma Monduli, kisha Shule ya Sekondari ya Umbwe mkoani Kilimanjaro. Alijiunga na TANU mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, na baadaye akaenda Ujerumani kusomea utawala.

Aliporejea alikuwa mtendaji katika Wilaya ya Masai, na mwaka 1965 wananchi wa huko wakamchagua kuwa mbunge wao. Mwaka 1967 aliteuliwa kuwa naibu waziri, na mwaka 1972 akakabidhiwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Februari 1977, Mwalimu Julius Nyerere alimteua kuwa Waziri Mkuu akiwa na umri wa miaka 38.

Kipindi hicho cha kwanza kilikuwa kizito. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka huo huo wa 1977, na mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera. Vita ilimalizika kwa ushindi mwaka 1979, lakini hazina ilibaki tupu huku bei ya mafuta ikipaa katika soko la dunia. Novemba 1980 Sokoine aliuacha uwaziri mkuu na nafasi yake ikachukuliwa na Cleopa Msuya.

Aliporudishwa katika nafasi hiyo Februari 24, 1983, hali ilikuwa mbaya zaidi. Bidhaa muhimu ziliuzwa kwa bei iliyopangwa na Serikali, lakini zilitoweka madukani na kuibukia mikononi mwa walanguzi kwa bei ya kuruka. Mazao na mifugo vilivushwa mipaka kwa magendo. Dola ilikuwa na bei mbili, ya benki na ya mitaani, na tofauti kati ya bei hizo iliwatajirisha wachache.

Msako kabla ya sheria

Katika kampeni iliyoanza mwishoni mwa Machi 1983, zaidi ya watu 1,000 walikamatwa. Miongoni mwao walikuwamo wafanyabiashara, watumishi wa umma na maofisa wa mashirika ya umma. Maghala yalifunguliwa, fedha za kigeni zikanaswa majumbani, na wananchi waliochoka na foleni wakashangilia.

Hata hivyo, wengi wa waliokamatwa waliwekwa ndani wakati sheria mahususi ya kuwashughulikia ikiwa bado haijatungwa. Bunge liliipitisha Aprili, baada ya msako kuanza, na ikapewa nguvu ya kurudi nyuma. Kesi zilipelekwa katika baraza maalumu lililoongozwa na jaji. Mtuhumiwa hakuwa na haki ya dhamana, hakuruhusiwa kuwakilishwa na wakili, wala hakuweza kukata rufaa katika mahakama za kawaida.

Matokeo yake, kampeni iliwakumba kwa pamoja mlanguzi mkubwa na mtu aliyekutwa na akiba ndogo ya familia. Baadhi ya waliokamatwa waliachiwa baadaye kwa kukosekana ushahidi. Sokoine mwenyewe hakutiliwa shaka kuhusu nia yake, wala jina lake halikuhusishwa na kujilimbikizia mali. Lakini uadilifu wa kiongozi mmoja haukuweza kujaza nafasi ya ushahidi mahakamani.

Ajali ya Dakawa

Aprili 12, 1984, Sokoine aliondoka Dodoma kwa barabara kurejea Dar es Salaam baada ya kikao cha Bunge. Alipofika Dakawa, mkoani Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini, na akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 45. Serikali ilieleza kuwa ilikuwa ajali, ingawa minong'ono haikuisha, kwa kuwa kila mtu alijua marehemu alikuwa na maadui. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa msiba huo kwa redio, na mwili wake ukazikwa Monduli Juu.

Mwaka huo huo mambo mengi yalibadilika. Sheria ya mwaka 1983 ilifutwa, na badala yake ikatungwa Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984 iliyozirudisha kesi hizo Mahakama Kuu, mawakili wakiruhusiwa na rufaa ikiwezekana. Haki za msingi za binadamu nazo ziliingizwa katika Katiba.

Vilevile, katika bajeti ya mwaka 1984, Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa walikozipata. Maduka yakaanza kujaa tena. Fedha zilizosakwa kwa nguvu mwaka mmoja kabla zikapata njia halali ya kurudi sokoni. Uhaba uliolea ulanguzi ulipungua, lakini swali la chanzo cha fedha hizo lilibaki bila jibu.

Swali lililorejea

Swali hilo ndilo kiini cha mapambano ya sasa. Mwaka 1999, nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika zilikutana Arusha, mkoa aliozaliwa Sokoine, na kuunda umoja wa kupambana na utakatishaji wa fedha wenye makao yake Dar es Salaam. Mwaka 2006 Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti fedha haramu. Benki zikatakiwa kumfahamu mteja, kutunza kumbukumbu na kutoa taarifa za miamala inayotia shaka.

Kazi hiyo haina kishindo cha msako wa 1983, na udhaifu wake hugharimu. Oktoba 2022, kikosi kazi cha kimataifa cha FATF kiliiweka Tanzania katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kutokana na mapungufu katika udhibiti huo, na kuiondoa Juni 2025 baada ya marekebisho.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mjini Morogoro na uwanja wa michezo wa Mbeya vinalibeba jina lake. Urithi wake mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kuwakumbusha viongozi kuwa mali isiyo na maelezo ni jambo la kuhojiwa. Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Sokoine alithubutu kuuliza vimeundwaje. Kulijibu swali hilo kwa ushahidi, mbele ya mahakama iliyo huru, ni kazi aliyowaachia waliomfuata.