Jef Raskin, mtu aliyetaka kompyuta isimsumbue mtumiaji

Ukitaka kufuta picha kwenye simu, kioo hukuuliza kwanza kama una uhakika. Wengi wetu kidole kinabonyeza ndiyo kabla macho hayajasoma, na picha ya harusi imekwenda. Leo tunamzungumzia mtu aliyehangaika na tatizo hilo enzi za kompyuta za mezani, Mmarekani Jef Raskin.

Alizaliwa New York mwaka 1943. Alisoma hisabati na falsafa, kisha kompyuta, na tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1967 ilihusu kuchora kwa kompyuta, wakati kompyuta nyingi zilitoa herufi na namba tu. Baadaye alifundisha sanaa chuo kikuu huko San Diego, California, na alikuwa mwanamuziki pia. Tunayataja haya mapema kwa sababu wapo wanaodhani alichukia urembo.

Mwaka 1978 aliajiriwa na Apple, akiwa mfanyakazi wa 31, kazi yake kuandika vitabu vya maelekezo. Mwaka uliofuata alianzisha mradi wa kompyuta ya bei nafuu kwa mtu asiye fundi. Akaiita Macintosh, jina la aina ya tufaha alilolipenda, ila alibadili herufi kidogo kwa kuwa kampuni moja ya amplifaya ilikuwa na jina hilo.

Mwaka 1981 Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliushika mradi huo. Hawakuelewana. Jobs alitaka kipanya, lakini Raskin hakukipenda kwa sababu kila ukikishika, mkono unaacha kuandika. Mwaka 1982 Raskin aliondoka. Macintosh ilitoka Januari 1984, ikiwa na kipanya, picha ndogo za faili na hata kapu la taka kwenye kioo. Bei yake ilikuwa dola 2,495, zaidi ya mara mbili ya aliyoikusudia Raskin. Ilivutia macho, na kompyuta za leo bado zina sura ile.

Raskin alijibu kwa kutengeneza mashine yake mwenyewe, Canon Cat, iliyotoka mwaka 1987. Haikuwa na kipanya wala picha ndogo, ni maandishi tu. Ukiiwasha, ulikuta kazi yako pale pale ulipoiachia. Kutafuta neno, ulishikilia kitufe maalumu chini ya kibodi, ukaandika herufi zake za mwanzo, na alama ikaruka hadi neno lilipo. Waliozoea waliandika kwa kasi. Hata hivyo ziliuzwa kama 20,000 tu, na baada ya miezi michache Canon ikaiacha.

Kwa maoni yetu, hapo Raskin alimsahau mteja aliye dukani. Mtu hununua kwa macho, na ugumu wa kutumia anaugundua akishafika nyumbani. Lakini kuhusu huko nyumbani, alikuwa sahihi kuliko waliomshinda.

Mwaka 2000 alitoa kitabu, The Humane Interface, ambamo alieleza kwamba swali la una uhakika halimlindi mtu. Likirudiwa kila siku, jibu linakuwa mazoea, na mkono unajibu bila akili kushirikishwa. Kinachofaa ni kumwezesha mtu kukirudisha alichofuta. Aliipinga pia mashine inayobadili hali bila mtu kujua, kama kile kitufe cha herufi kubwa: unaandika neno la siri, linakataliwa, unarudia, linakataliwa tena, kumbe kitufe kilibaki kimewashwa. Kwake, kosa hilo lilikuwa la aliyebuni mashine.

Alifariki Februari 26, 2005, nyumbani kwake Pacifica, California, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 61. Siku zake za mwisho alikuwa akitengeneza, pamoja na mwanawe, programu ambayo chochote kilichofutwa kingeweza kurudishwa.