Haki si ya mwenye risiti pekee

Hapa Londiani nasikia ikisemwa kwamba asiyelipa hana dai. May Donoghue, mwajiriwa wa duka huko Uskoti, aliyezaliwa 1898, aliifuta dhana hiyo. Mwaka 1928, mjini Paisley, alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki, akaugua. Akadai chupani mlikuwa na konokono aliyeoza. Alimshtaki mtengenezaji, na kwa umaskini wake akaruhusiwa kushtaki bila gharama. Mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtumiaji. Alifariki 1958. Nasi Wakenya, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya fidia. Mwanafunzi aliyedhurika asinyamaze. Aihifadhi chupa, adai.