Edward Jenner, Mganga wa Berkeley

Jina la Edward Jenner lajulikana kwa sababu ya chanjo ya ndui. Lakini jinsi alivyofundishwa kazi yake, na mahali alipofundishwa, ni habari zisizosemwa sana. Tumeona vema kuziandika, kwa maana sharika zetu nyingi za mashambani hupokea wanafunzi wa uganga na uuguzi, waliotumwa kwa majuma machache katika zahanati na hospitali zetu; kisha wengi wao hurudi mjini, wala hatuwaoni tena.

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika Berkeley, mji mdogo wa Gloucestershire, Uingereza, nchi ya malisho na ng'ombe wa maziwa. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la hapo. Alipokuwa na miaka 5 wazazi wake wote wawili walifariki, naye akalelewa na ndugu zake wakubwa. Alipopata miaka 8 alitiwa ndui kwa desturi ya siku zile, yaani usaha wa mgonjwa ulitiwa katika mchanjo mkononi, ili augue kidogo asije akaugua sana. Kwanza alinyimwa chakula na kutolewa damu hata akakonda, ndipo akafungiwa bandani pamoja na watoto wengine mpaka walipopona.

Alipokuwa kijana wa miaka 14 hivi aliwekwa kwa Bwana Ludlow, mganga wa kupasua katika Chipping Sodbury, mji mdogo usio mbali na kwao. Akakaa huko miaka kama 7. Mafunzo ya namna ile hayakuanza kwa vitabu. Mwanafunzi alikaa nyumbani mwa mwalimu wake, akachanganya dawa, akafunga vidonda, akafuata wagonjwa makwao. Husimuliwa ya kuwa huko alimsikia msichana mkamuaji akisema kwamba hawezi kupatwa na ndui, maana amekwisha kuugua ndui ya ng'ombe. Wako wataalamu wasioisadiki hadithi hiyo, nasi hatuishikilii. Lakini imani yenyewe ilikuwapo kwa wakulima: mwaka 1774 mkulima mmoja wa Dorset, Benjamin Jesty, alimchanja mkewe na wanawe kwa ndui ya ng'ombe. Kijana aliyekaa miaka mingi kati ya watu kama hao aliweza kuyasikia maneno yao. Mwenziwe wa mjini angeyasikia wapi?

Mwaka 1770 Jenner alikwenda London, akajifunza katika Hospitali ya St George chini ya John Hunter, mpasuaji mwenye sifa kuu, akakaa nyumbani mwake. Hapo mlango wa ukuu ulifunguka mbele yake. Alipewa kazi ya kupanga mimea na viumbe vilivyoletwa kutoka safari ya kwanza ya Nahodha Cook, kisha akaalikwa aende katika safari ya pili. Akakataa, akarudi Berkeley. Mwaka 1775 Hunter alimwita tena, wafungue shule pamoja. Akakataa tena.

Je, ni mafunzo ya Sodbury yaliyomrudisha, ama ni kuzaliwa kwake shamba? Si rahisi kutenga haya mawili. Hata Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mashauri yake mwaka 2010, liliyashauri yote mawili: wachaguliwe wanafunzi waliotoka mashambani, tena wanafunzi wapelekwe mashambani wangali wakisoma. Lakini kuzaliwa shamba peke yake hakutoshi, maana wengi waliozaliwa huko, wakiisha kuona mji, hawarudi. Jenner alirudi kwenye kazi aliyokwisha kuiona ikifanywa na mtu aliyeijua. Nasi twaona neno zima liko hapa. Mwanafunzi anayeachwa zahanatini bila mwalimu, bila kitanda cha kulala, akipewa kazi ya kuhesabu chupa tu, hujifunza ya kuwa shamba ni mahali pa adhabu, naye huhesabu siku za kuondoka.

Huko Berkeley Jenner alipanda farasi kwenda kwa wagonjwa wake, na katika nafasi yake akachunguza tabia za ndege kekeo, uchunguzi uliompatia heshima ya kuingizwa katika Royal Society mwaka 1789. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa usaha katika mkono wa Sarah Nelmes, mkamuaji, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Mwezi Julai akamtia ndui yenyewe, isimshike. (Jambo hilo leo lisingeruhusiwa, nasi twashukuru kwamba lisingeruhusiwa.) Maandishi yake ya kwanza hayakukubaliwa na wakubwa wa London, basi mwaka 1798 akayachapisha mwenyewe, yakiwa na habari za watu 23.

Bunge lilimpa pauni 10,000 mwaka 1802, na pauni 20,000 mwaka 1807. Katikati ya miaka hiyo alijaribu kufanya kazi London, isifae, akarudi kwao. Alifariki tarehe 26 Januari 1823, akazikwa katika kanisa la Berkeley. Mgonjwa wa mwisho aliyepata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika Merca, Somalia, mwaka 1977, naye akapona. Na mwaka 1980 ilitangazwa ya kuwa ndui imekwisha duniani.

Katika bustani ya Jenner kulikuwa na kibanda kidogo, ambamo aliwachanja maskini wa jirani bila malipo. Kibanda hicho kingali kimesimama, karibu na kanisa.