Raj Kapoor na nyumba aliyoijenga kwa watunzi

Ni nyumba chache mno katika Mwambao wetu ambazo hazijapata kuvuma nyimbo za sinema za Kihindi. Watu wa umri wa wazazi wangu waliziimba bila kujua maana ya hata neno moja, na waimbaji wetu wa taarab, akiwemo marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, waliyachukua mahadhi ya Kihindi wakayavika maneno ya Kiswahili. Lakini ni nadra mtu kuuliza nyimbo zile zilitoka kwa nani. Baadhi ya zilizopendwa mno zilitoka katika kampuni ya R.K. Films ya Bombay, iliyoanzishwa na mcheza sinema Raj Kapoor. Leo napenda kuyaeleza maisha ya mtu huyo, hasa ule upande wake ambao sisi watunzi wa mashairi tunapaswa kuutazama.

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba, 1924, katika mji wa Peshawar, ambao sasa uko Pakistan. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa mwigizaji mashuhuri, na mwaka 1944 aliunda kikundi chake cha michezo ya kuigiza. Mtoto wa mtu kama huyo angaliweza kupewa kiti cha mbele, lakini Raj alianzia chini, kwa kazi ya kushika kile kibao kinachogongwa kabla ya kamera kuanza. Mwaka 1947 akapata nafasi kubwa katika sinema ya Neel Kamal, na mwaka uliofuata, hajatimiza miaka 24, akatoa sinema ya kampuni yake mwenyewe, iitwayo Aag. Ya pili, Barsaat, ya mwaka 1949, ilipendwa sana ikaleta fedha zilizojenga studio huko Chembur, pembezoni mwa Bombay.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nini? Wako watakaosema ni uzuri wa sura yake. Wengine watamtaja Nargis, binti wa Kiislamu ambaye jina lake hasa lilikuwa Fatima Rashid, aliyeigiza naye katika sinema za kampuni hiyo hadi mwaka 1956. Mimi nasema siri ilikuwa kuwatambua wenye vipaji na kukaa nao. Hadithi aliandikiwa na Khwaja Ahmad Abbas, mwandishi wa magazeti. Muziki ulitungwa na Shankar na Jaikishan, vijana waliotoka katika kikundi cha baba yake. Sauti iliyoimba huku yeye akifumbua mdomo tu ilikuwa ya Mukesh. Na maneno ya nyimbo yaliandikwa na washairi wawili: Hasrat Jaipuri, Mwislamu aliyekuwa kondakta wa basi, na Shailendra, aliyekuwa mfanyakazi wa karakana ya reli.

Kisa cha Shailendra kina mazingatio. Yasimuliwa kwamba Raj alimsikia akisoma shairi mbele ya watu, akataka kulinunua. Mshairi akakataa katakata, kwani kwake shairi halikuwa bidhaa ya sokoni. Baadaye mkewe akawa mja mzito na mkono ukawa mtupu, naye akamwendea Raj kwa miguu yake mwenyewe. Tajiri mwingine angaliikumbuka ile jeuri ya mwanzo akampunja. Raj alimlipa rupia 500 kwa nyimbo mbili za Barsaat, na tangu hapo hawakuachana.

Kundi hilo ndilo lililotoa Awaara mwaka 1951, sinema ya hakimu aliyeamini kuwa mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, mpaka mwanawe mwenyewe akaletwa mahakamani. Ilipopelekwa Urusi mwaka 1954, mamilioni waliitazama na kuziimba nyimbo zake. Mwaka 1955 ikafuata Shree 420, ya kijana mwaminifu aliyeharibiwa na tamaa ya mji.

Lakini sanaa haina huruma na mfuko. Shailendra naye alijaribu kutengeneza sinema yake, Teesri Kasam, na Raj akaigiza humo kwa ujira ambao yasemekana ulikuwa rupia moja tu. Ilitoka mwaka 1966, ikasifiwa na wajuzi, lakini watazamaji wakaisusia. Mshairi aliachwa na madeni, akafa tarehe 14 Desemba ya mwaka huohuo, siku ya kuzaliwa Raj, akiwa na miaka 43.

Mwaka 1970 zamu ikawa ya Raj. Mera Naam Joker, aliyoihangaikia kwa miaka sita na kuiwekea mali yake rehani, ilipita saa nne kwa urefu, na watu hawakuikubali. Mwaka uliofuata Jaikishan akafariki. Raj hakuwa tena na fedha za kumwajiri nyota mkubwa, basi akamtwaa mwanawe Rishi na msichana asiyejulikana, Dimple Kapadia, akatengeneza Bobby. Ilitoka mwaka 1973, na kampuni ikafufuka.

Mukesh alifariki mwaka 1976. Raj mwenyewe alizidiwa na pumu mjini Delhi mwezi wa Mei, 1988, katika hafla ya kutunukiwa nishani kubwa ya sinema nchini mwake, hata Rais akalazimika kushuka jukwaani kumpelekea pale alipoketi. Alikufa tarehe 2 Juni, akiwa na miaka 63.

Studio ilibaki kwa watoto wake, ikitumiwa pia na watu wa televisheni. Septemba 2017 moto ulizuka ulipokuwa umeandaliwa ukumbi wa kipindi cha dansi cha televisheni, ukateketeza hata mavazi ya sinema za zamani. Mwaka 2019 ardhi yake ikauzwa kwa kampuni ya kujenga majumba.

Hivyo basi, jengo halipo, lakini nyimbo zingalipo. Katika harusi zetu huku Pwani, mwenye kinanda hutunzwa na mwimbaji hurushiwa noti, lakini yule aliyekesha akipanga vina na mizani mara nyingi hata jina lake halitajwi. Raj Kapoor alimlipa mshairi na kulitia jina lake katika sinema. Wenye vikundi vya taarab na studio za kurekodi na walitazame hilo, kwani mkono mmoja haulei mwana.