Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Mtu akiondoka Kawajense, katika mji wa Mpanda, akishika njia ya kusini-magharibi, mwisho wake hufika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko aliishi mganga mmoja aliyesifiwa sana, jina lake Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, katika nchi ya Timbuktu. Mwaka wenyewe haujulikani hasa, kwa kuwa alitwaliwa kwao angali mtoto. Watuareg, watu wa jangwani wapandao ngamia, walimteka, wakamvusha jangwa la Sahara mpaka upande wa kaskazini, akauzwa. Yapata mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa katika nchi ya Algeria.

Lavigerie, aliyelianzisha shirika hilo mwaka 1868, alitaka Waafrika wafundishwe uganga, wapate kuwatibu Waafrika wenzao. Basi Atiman na vijana wengine wakapelekwa kisiwani Malta kusomea kazi hiyo. Mwaka 1888 akasafiri kuja Afrika ya Mashariki. Akapanda bara kwa miguu pamoja na msafara, na mwaka 1889 akafika Karema. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma, na katika misheni walikuwamo watoto waliokombolewa kama yeye alivyokombolewa.

Hapo akakaa miaka 67, akitibu wagonjwa na kufundisha dini. Akaoa, na mwanawe Joseph akawa padre. Wajerumani wakatawala, wakaondoka. Waingereza wakashika mahali pao. Mganga alikuwa pale pale. Akafa mwaka 1956, umri wake miaka kama 90.

Maisha haya yamesimuliwa na zaidi ya mtu mmoja, wala hayafanani kila yanaposimuliwa. Msimulizi wa kwanza ni Atiman mwenyewe. Mwaka 1946, alipokuwa mzee wa miaka kama 80, habari zake zilichapwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, naye akijitaja kwa neno mimi. Msimulizi wa namna hii aweza kueleza hofu iliyokuwa moyoni mwake, na hakuna mwingine awezaye. Maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini hawezi kusimulia asiyoyaona. Mtoto aliyetekwa hajui walionunua wamekusudia nini, wala hajui ni nani anayemtafuta nyuma. Tena, mambo hayo yalionwa kwa macho ya mtoto, yakaelezwa kwa kinywa cha mzee. Msomaji hana budi kuangalia ni yupi kati ya hao wawili anayesema.

Msimulizi wa pili ni Padre Roger Fouquer, ambaye kitabu chake juu ya Atiman kilichapwa kwa Kifaransa mwaka 1964. Huyu husema yeye, si mimi. Asimuliaye habari za mwingine aweza kukusanya barua na kuuliza mashahidi, akaiona njia yote tangu Niger mpaka Tanganyika. Lakini husimama nje ya mlango wa moyo wa mtu. Tena huyu alikuwa wa shirika lile lile lililomkomboa mtoto, akalitazama jambo kutoka upande huo.

Yuko mtu wa tatu, ambaye habari yake haikuandikwa. Huyo ni mama. Kwa aliyemwuza mtoto, siku ile ilikuwa siku ya faida. Kwa mapadre, siku ya kununuliwa kwake ilikuwa siku ya wokovu. Kwa mama, mtoto alitoka asirudi tena. Hakujua kwamba mwanawe yu hai, wala kwamba angekuja kuponya watoto wa akina mama wengine mbali sana. Kitabu chake hakipo, lakini msomaji mwenye busara hukumbuka kwamba yeye naye alikuwapo.

Basi, kila hadithi isomwapo, yafaa kuuliza kwanza: nani anasema, alisimama wapi, na ni nani aliyenyamaza?

MASWALI
1. Atiman aliweza kueleza jambo gani ambalo Padre Fouquer hakuweza?
2. Kwa nini mtoto hakujua mambo yote ya safari yake?
3. Simulia kutekwa kwa Atiman kwa mistari sita, kana kwamba wewe ndiwe mama yake.